Mpira Ulipopasuka Tsavo

Wako watu wengi waliokwisha safiri kutoka Nairobi mpaka Mombasa kwa basi, na wengine kwa gari moshi, lakini si wengi waliokwenda huko wakiwa ndani ya nyumba, yenye vitanda, jiko na kabati la vyombo. Mimi nilipata bahati hiyo mwezi wa Agosti, mwaka 2019, nilipokuwa katika likizo yangu. Naandika habari za safari ile si kwa kujisifu, bali kwa sababu kabla hatujafika Voi tulipatwa na jambo ambalo laweza kumpata kila mwenye gari, na sehemu moja ya kosa ilikuwa yangu mwenyewe.

Gari lile lilikuwa mali ya kaka yangu. Yeye alikuwa dereva wa malori ya Mombasa kwa muda wa miaka kumi na sita, na alipoacha kazi hiyo alinunua gari la mizigo lililofunikwa, lililokwisha tumika, akampa seremala kazi ya kuligeuza liwe nyumba. Nia yake ilikuwa kuwachukua wageni wanaopenda kutembelea pwani na mbuga za wanyama. Seremala alifanya kazi nzuri sana. Aliweka viti vitano vyenye mikanda, vitanda viwili, kabati refu la mbao za mvule, jiko la gesi, na tangi la maji la lita 150. Kaka alitaka kulijaribu gari kwanza na jamaa zake, kwa hiyo alinialika mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka sita.

Twaliondoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri, na jua lilichomoza tulipokuwa tumekwisha kupita Athi River. Tulipita Salama, Sultan Hamud na Emali bila taabu yo yote. Makindu tulisimama katika hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926, ambalo sifa yake yajulikana na wasafiri wote wa njia ile. Tulivua viatu, tukafunika vichwa, tukapewa chai, chapati na dengu, wala hatukuulizwa dini yetu wala kabila letu, wala hatukudaiwa hata senti moja. Baada ya hapo barabara hushuka polepole kuelekea nchi ya joto. Milima ya Chyulu ilikuwa upande wetu wa kulia, na mibuyu ya kwanza ikaanza kuonekana.

Tulifika Mtito Andei, ambako ni karibu nusu ya safari, jua likiwa kali. Kaka alikwenda kununua maji ya kunywa, akaniacha katika kituo cha mafuta. Mimi, kwa kutaka kuonekana mtu wa msaada, nilimwambia kijana wa kituo apime upepo wa mipira. Nilisoma kibandiko kilicho karibu na mlango wa dereva, nikaona kwamba mipira yote imezidi kiasi kilichoandikwa. Kazi yangu ya ukarani imenizoeza kufuata maandishi, basi nilimwamuru yule kijana apunguze upepo mpaka hesabu ilingane. Kaka aliporudi sikumwambia neno, kwa maana niliona nimefanya jambo dogo tena jema.

Tulipokuwa tayari kuondoka, binti yangu alisema amechoka na anataka kulala kitandani. Mke wangu naye akamwombea, akisema, “Shemeji, mtoto ameamka usiku. Mwache ajinyoshe kidogo.” Kaka akakataa kwa upole. Akasema, “Shemeji, kitanda hiki ni cha gari lililosimama. Gari likienda, kila mtu hukaa kitini na mkanda wake.” Mtoto akalia, na mimi moyoni nilimwona kaka kuwa mkali pasipo sababu. Ya nini kuwa na nyumba ya magurudumu, ikiwa mtu hawezi kulala ndani yake?

Basi tukaingia katika nchi ya Tsavo, yenye udongo mwekundu hata tembo wake huonekana wekundu kwa kujipaka vumbi. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ilikwenda pamoja nasi, mara karibu, mara mbali. Tuliuvuka mto Tsavo, mahali ambapo mwaka 1898 simba waliwala wajenzi wa daraja la reli ya kwanza, nami nilikuwa nikimsimulia mtoto habari hiyo ili anyamaze. Mwendo wetu ulikuwa kama kilomita 75 kwa saa.

Mara tukasikia mshindo kama wa bunduki, na gari likavutwa kwa nguvu upande wa kushoto. Mpira wa mbele umepasuka. Nilipiga kelele, “Breki! Kanyaga breki!” Lakini kaka hakukanyaga breki. Aliushika usukani kwa mikono miwili, akaukaza ili gari liende sawasawa, na mguu wake ukabaki juu ya mafuta kwa dakika ndogo ambayo mimi niliiona ndefu kama saa nzima. Kisha akaanza kuuondoa mguu kidogo kidogo. Gari likatikisika, vyombo vikaanguka, lori lililokuwa nyuma yetu likapiga honi na kutupita. Mwendo ulipokuwa umepungua sana, kaka akalitoa gari polepole nje ya lami mahali palipokuwa tambarare, na hapo ndipo alipogusa breki kidogo tu, tukasimama.

Hakuna aliyeumia. Nilipogeuka nyuma niliona mlango wa kabati umefunguka, na sufuria zote zimemwagika kitandani. Juu ya mto, pale ambapo kichwa cha binti yangu kingalikuwa, lilikuwapo debe la maji la lita 20 lililokuwa limeporomoka kutoka mahali pake. Mke wangu aliliona, nami nililiona. Hatukusema neno.

Kaka alifunga gesi, akawasha taa za hatari, akatutoa sote kwa mlango usioelekea barabara. Mke wangu aliogopa simba, wala sikumlaumu, lakini kukaa ndani ya gari kando ya njia ya malori kungalikuwa hatari kubwa zaidi. Tukasimama mbali kidogo na lami, mahali peupe, mmoja wetu akitazama vichaka. Kaka akaweka pembetatu za kuonya mbali nyuma ya gari na mbele yake, akaongeza matawi ya miti kama ilivyo desturi ya barabara zetu, na akatia mawe kwenye magurudumu ya nyuma ili gari lisitembee.

Hapo taabu ya pili ikatokea. Jeki yetu ilikuwa ndogo, haikuweza kuliinua gari pamoja na nyumba yake. Tulikaa juani karibu saa nzima, mpaka lori moja lililokuwa likitoka Mombasa liliposimama, akashuka mzee mwenye mvi pamoja na utingo wake. “Poleni, jamaa,” akasema, na bila kuulizwa mengi akaleta jeki kubwa. Walilegeza nati kabla ya kuliinua gari, wakabadili gurudumu, kisha wakakaza nati kwa kuruka kutoka upande huu hadi upande wa pili, si kwa kuzifuata kwa zamu. Yule mzee alipokataa fedha zetu, alitaka jambo moja tu: tuondoe mawe na matawi yote barabarani, kwa maana jiwe lililosahauliwa na msafiri mmoja humwua msafiri wa usiku.

Tulipokuwa tukipumzika, kaka aliuchunguza mpira uliopasuka. Meno yake yalikuwa bado marefu, na mtu angeweza kuudhani kuwa mpya. Lakini ubavuni palikuwa na tarakimu nne, 1409. Kaka alinieleza maana yake: mpira ule ulitengenezwa katika juma la 14 la mwaka 2009. Ulikuwa umepita umri wa miaka kumi, nao watengenezaji wengi huonya kwamba mpira ukifikia umri huo uondolewe, hata ukiwa mzuri kwa macho. Gari la namna hii husimama siku nyingi kuliko siku linazokwenda, kwa hiyo mipira yake huzeeka kabla ya kulika.

Hapo ndipo nilipokiri habari ya Mtito Andei. Kaka alinitazama, akacheka kidogo, akasema, “Ndugu yangu, si mpira unaobeba gari; upepo ndio ubebao. Mpira ni mfuko tu.” Akanifundisha kwamba kiasi kilichoandikwa kwenye gari ni cha mpira uliopoa, yaani asubuhi kabla ya safari. Mpira ukienda hupata moto, na upepo wa ndani huongezeka nguvu. Hilo si kosa. Mtu akipunguza upepo wakati huo, amelipokonya gari nguvu zake. Mpira wenye upepo haba hujikunja ubavuni katika kila mzunguko, kule kujikunja huleta joto, na joto hulitenga gamba la mpira na nyuzi zake, hata siku moja hupasuka ghafula.

Nilimwomba radhi. Akajibu, “Wewe umetoa upepo, mimi nimetia mzigo, na miaka nayo imekula mpira. Tumeshirikiana watatu.”

Naye alisema kweli juu ya mzigo. Tulipofika Mombasa alilipeleka gari kwenye mizani ya mfanyabiashara mmoja. Gari lililoruhusiwa kilo 3,500 lilikuwa na kilo 3,980. Isitoshe, seremala alikuwa ameweka tangi, jiko na lile kabati la mvule yote upande wa kushoto, karibu na mbele. Maji pekee yalikuwa kilo 150, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Hivyo gurudumu moja lilikuwa likibeba mzigo ambao ungegawanywa kwa magurudumu mawili. Kaka alimwaga maji, akaacha vitu vingine kwa jamaa zetu wa Changamwe, na baadaye kabati lilihamishwa upande wa pili na kupunguzwa.

Nilimwuliza pia kwa nini hakukanyaga breki nilipomwamuru. Akasema kwamba mpira ukipasuka, gurudumu lile huwa zito kama mguu uliotiwa minyororo. Ukikanyaga breki, uzito wote wa gari hukimbilia mbele, gari hugeuka au hupinduka, hasa likiwa refu na zito juu kama nyumba. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulinyosha gari, kazi ya pili ni kuacha mwendo upungue wenyewe, na kusimama ni kazi ya mwisho. Mpira wa mbele ukipasuka usukani huvutwa. Wa nyuma ukipasuka, mkia wa gari huyumba. Lakini dawa ni moja. Na dawa hiyo haiwezekani kwa mtu aendaye mbio sana.

Tulikaa pwani siku tano. Tuliogelea, tukatembea katika vichochoro vya mji wa kale, tukaitazama Fort Jesus iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593. Lakini jambo ninalolikumbuka kuliko yote ni asubuhi ya kurudi. Kaka alinunua mipira minne mipya na jeki ya kufaa, kisha akanipa mimi kile kipimo cha upepo. Ilikuwa bado alfajiri, mipira imepoa, na umande uko juu ya vioo. Nilipima mmoja baada ya mwingine, nikamsomea hesabu kama karani amsomeavyo mkubwa wake, naye akatikisa kichwa kukubali.

Binti yangu alipanda garini, akapita kitandani bila kukitazama, akaketi kitini na kufunga mkanda wake. Tulipofika Tsavo alilala palepale, kichwa chake kikiwa begani mwa mama yake, nasi tukaenda mwendo wa pole mpaka nyumbani. Wazee wetu walikwisha sema: kawia ufike.