Nilipoacha Kuzima na Kuwasha

Ushuhuda kwa kawaida huanza na maradhi, nami sitaikwepa desturi hiyo. Maradhi yangu yalikuwa kuzima na kuwasha. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika chuo kimoja cha ualimu kaskazini mwa Tanzania, na tovuti ya chuo iliniangukia kwa sababu inayowaangukia wengi: nilionekana "najua kompyuta". Kwa muda mrefu niliamini kwamba seva ina siku zake. Siku ya matokeo ya muhula ikifika, wanafunzi na wazazi wanaingia wote kwa pamoja, tovuti inalala, mkuu wa chuo ananipigia mimi, nami nampigia fundi wetu aliyeko Dar es Salaam. Fundi anazima, anawasha, tovuti inaamka, inalala tena. Jioni tunakubaliana sote kwamba mtandao ulikuwa unasumbua.

Kisha fundi akapata ajira nje ya nchi. Aliniachia karatasi yenye anwani ya IP, jina la kuingilia na neno la siri, akanitakia heri. Nilipoingia mara ya kwanza kwa SSH, njia ya kuiamuru seva ukiwa mbali, sikukuta picha wala kitufe cha kubonyeza, ila skrini nyeusi inayongoja amri. Seva yetu ilikuwa sehemu ya kompyuta kubwa ya kukodi huko Ujerumani, memori gigabaiti 1, mfumo wa Linux, na ndani yake Apache, programu iliyokuwapo tangu 1995 ambayo kazi yake ni kupokea maombi ya vivinjari na kuyajibu. Baadaye nilisoma kwamba seva ya kwanza kabisa ya wavuti, kompyuta ya NeXT aliyoitumia Tim Berners-Lee pale CERN, ilibandikwa karatasi ya kuwaonya watu wasiizime. Nilicheka peke yangu. Kwetu sisi kuizima ndiyo ilikuwa dawa.

Kilichonibadilisha ni mafaili mawili yaliyomo katika folda ya /var/log/apache2. La kwanza, access.log, huandika kila ombi linaloingia: limetoka anwani gani, saa ngapi, limetaka ukurasa upi, na limejibiwa kwa namba ipi. Namba 200 maana yake mtu kapewa alichotaka, 404, hakipo, 403, kipo lakini haruhusiwi, 500, kuna kitu kimevunjika huku ndani. La pili, error.log, ndilo la malalamiko ya seva yenyewe. Miaka yote ile tuliyokuwa tukiusingizia mtandao, sababu ilikuwa inaandikwa, na saa yake, na hakuna aliyekwenda kuisoma.

Nikaanza kusoma jioni, nikishamaliza kusahihisha, kwa amri ya tail -f inayoonyesha mistari mipya kadiri inavyoingia. Mshangao wa kwanza haukuhusu matokeo hata kidogo. Saa nane za usiku, chuo kizima kimelala, kuna anayeomba wp-login.php, na sisi hatutumii WordPress. Mwingine anaomba faili la .env, ambamo watengenezaji wa programu huweka siri zao. Zilikuwa roboti zinazozunguka intaneti nzima zikijaribu kila anwani, bila kujua wala kujali kama hapo ni chuo au benki. Katika auth.log, faili linaloandika majaribio ya kuingia kwenye seva yenyewe, mambo yalikuwa mazito zaidi: majaribio ya kuingia kama root, kama admin, kama test, yakifuatana kwa sekunde chache. (Neno letu la siri la wakati ule silitaji. Wenzangu wakilisoma watacheka mpaka kesho.) Nilitengeneza jozi ya funguo za SSH, nikaondoa ruhusa ya kuingia kwa neno la siri, kisha kwa ufw, programu ya kulinda milango ya seva, nikafunga milango yote isipokuwa mitatu: 22 wa kuingilia mimi, na 80 na 443 ya wavuti. Roboti hazikuacha kuja. Mimi ndiye niliyeacha kukosa usingizi kwa ajili yake.

Siku ya matokeo iliyofuata mkuu alipiga kama kawaida.

"Mwalimu, tovuti imelala tena. Wazazi hawanipumzishi."

"Nimeona, mkuu. Naomba muda kidogo, nasoma."

"Unasoma saa hizi?"

Nilikuwa nasoma logi ya mfumo. Mstari uliohusika ulisema memori imekwisha na mchakato umeuawa, na jina la aliyeuawa lilikuwa mysqld. Linux ikiishiwa memori huchagua mchakato wa kuua ili mashine nzima isizame, na mara nyingi huangukia ule unaokula kupita wenzake. Kwetu huyo alikuwa MySQL, yaani hifadhidata yenyewe iliyoshika alama. Apache ilibaki hai ikiwapokea watu na kuwapa 500 kwa heshima zote.

Ni nani basi aliyeimaliza memori? Jibu lilikuwa hesabu ya shule ya msingi. Apache yetu ilifanya kazi kwa mtindo wa zamani uitwao prefork, unaompa kila anayeingia mchakato wake peke yake. Katika mipangilio, MaxRequestWorkers ilikuwa 150. Nikapima: kila mchakato, pamoja na PHP uliyoibeba, yaani lugha inayozitengeneza kurasa zetu, ulikula kama megabaiti 40. Zidisha kwa 150, unapata karibu gigabaiti 6, na sisi tulikuwa na 1. Tulikuwa tumewaahidi wageni nafasi tusizokuwa nazo, na ahadi hiyo ilivunjika kila muhula, siku ileile. Nikatenga megabaiti 400 za mfumo na hifadhidata, zilizobaki nikazigawa kwa 40, nikaandika 15. Anayezidi asubiri kwenye foleni. Baada ya hapo error.log ilianza kunishauri niongeze kikomo, kwa kuwa Apache haijui mashine ina memori kiasi gani, inajua tu kwamba imefika mwisho wa nafasi ilizopewa. Sikuitii. Kuisoma logi ni jambo moja, kuifuata kila inachosema ni jingine.

Hata hivyo 15 ni wachache, na hapa ndipo nilipolazimika kuwafikiria watu walioko upande wa pili. Matokeo yetu yalitolewa kwa desturi ya ofisi nyingi za nchi hii: karatasi inapigwa muhuri, inaskaniwa, inapandishwa kama PDF ya megabaiti 6. Mwanafunzi aliyeko kijijini, ambaye mtandao wake unampa kilobaiti 50 kwa sekunde, anahitaji dakika 2 kuipakua, na dakika hizo zote ameshikilia mchakato mmoja kati ya 15. Mwenye simu ya kasi aliyeko mjini anamsubiri huyo bila kumjua. Wote wawili tulikuwa tukiwaambia wakanunue bando.

Kwa tatizo hili kuna programu nyingine, nginx, ambayo Mrusi Igor Sysoev aliitoa hadharani mwaka 2004 baada ya kuiandika ili seva moja iweze kushughulikia viunganisho 10,000 kwa wakati mmoja. Mgahawa ambao kila mteja anasimamiwa na mhudumu wake mpaka amalize kula, huo ndio prefork. Nginx ni mhudumu mmoja mwepesi anayezunguka meza zote na kurudi palipo na haja. Niliiweka mbele, Apache nikairudisha nyuma kwa ajili ya kurasa zinazohitaji PHP tu. Mteja mwenye mtandao wa kusuasua sasa anashikana na nginx, ambayo haigharimiki kumsubiri. Kisha nikaenda kwa mwalimu wa taaluma na ombi lililoonekana dogo kuliko yote: nipewe orodha yenyewe kabla ya muhuri. Nikaigeuza kurasa za kawaida za HTML, moja kwa kila darasa, namba za mtihani bila majina. Kila ukurasa haukufika kilobaiti 40. Hakuna PHP, hakuna MySQL, ni faili linalosomwa na kutumwa. Ukiniuliza kilichosaidia zaidi kati ya yote niliyoyafanya, ni hicho, na hakikuhitaji ufundi wowote.

Cheti cha usalama hakikunitesa. Let's Encrypt inavitoa bure tangu 2015, kila tulichopewa kilidumu siku 90, na programu ya certbot inavihuisha yenyewe. Kwa njia tunayoitumia sisi mlango 80 lazima ubaki wazi, maana wakaguzi wao hupitia hapo. Anayeufunga akidhani anaongeza usalama atagundua siku kivinjari kitakapoanza kuwatisha wageni wake.

Mabadiliko mengine ni ya tabia. Kabla ya kugusa faili la mipangilio nalinakili. Nikishaligusa naandika nginx -t, seva ikague maandishi yangu kabla ya kuyakubali, kisha reload, ambayo huingiza mipangilio mipya bila kumkata aliye katikati ya kupakua. Restart siitumii mpaka niwe na sababu ninayoweza kuiandika kwenye daftari. Na darasani pia nimekuwa mtu mwingine. Chuo kina kipimamvua ambacho zamani wanafunzi walikichora kwa ajili ya mtihani, basi. Sasa kinasomwa kila asubuhi saa tatu, na akitokea wa kuniambia mvua za mwaka huu zimechelewa namwomba daftari la miaka iliyopita kabla hatujaendelea. Wananiona mgumu. Mke wangu ananiona mgumu zaidi, kwa kuwa niliwahi kumuuliza luku ilisoma ngapi kabla ya kukubali kwamba umeme unakwisha haraka.

Muhula uliopita mkuu aliniita ofisini. Alikuwa amesikia kwamba vyuo vingine vimenunua seva kubwa, akataka kujua yetu itagharimu kiasi gani tuiingize kwenye bajeti. Nilimpelekea ukurasa mmoja: memori iliyotumika siku ya matokeo, saa kwa saa, na idadi ya maombi yaliyojibiwa 200 dhidi ya 500. Seva ilikuwa imebakiwa na nafasi siku nzima. Tulichokuwa hatuna ni nakala ya data mahali pengine, kwa hiyo hilo jengo la Ujerumani likiungua tungebaki na karatasi zenye muhuri.

"Kwa hiyo seva kubwa huitaki?"

"Mwaka huu sina cha kuifanyia, mkuu. Nahitaji mahali pa kuweka bekapu."

Akakata mstari wa seva kwenye bajeti, akaandika bekapu, akaniuliza kama hesabu hizo naweza kuzifanya na kwa jenereta.