Swali la Mama Yangu

Elimu ya mtu haipimwi katika chumba cha mtihani peke yake. Hupimwa pia siku anapoulizwa swali na mtu asiyesoma, ambaye hatafuti maksi wala cheti, bali anataka kujua kama ataishi. Mimi nilipimwa hivyo miaka mitatu iliyopita, na aliyenipima alikuwa mama yangu mzazi.

Mama alikuwa na rovu. Kwa muda mrefu uvimbe ule ulikaa shingoni mwake kama mgeni mpole. Aliufunika kwa leso, akaendelea kulima shamba lake na kuimba katika kwaya ya kanisa. Baadaye mgeni akageuka kuwa bwana wa nyumba: chakula kikawa kigumu kumeza, na usiku pumzi zikawa za taabu. Daktari akashauri apasuliwe. Mama akakataa. Dada yake alipata kupasuliwa zamani, akatokwa na damu nyingi, asirudi nyumbani. Tangu siku hiyo, neno kisu lilikuwa mwiko mbele yake.

Daktari, kwa nia ya kumtuliza, alimweleza kwamba siku hizi kuna chombo cha umeme ambacho hukata nyama na kuzuia damu. Maneno hayo yalimzidishia hofu. Tulipofika nyumbani alinitazama, akasema, "Mwanangu, wewe ni mwalimu wa sayansi. Waya ulipoanguka ulimwua ng'ombe wa jirani papo hapo. Umeme huo utapitaje shingoni mwangu nami nibaki hai?"

Nilinyamaza. Nilikuwa nimesoma habari za umeme katika chuo cha ualimu, nikafaulu. Nilikuwa nimeziandika ubaoni kwa miaka kumi. Walakini jibu sikuwa nalo. Nilimwomba mama anipe juma moja.

Juma hilo nilirudi kuwa mwanafunzi. Nilijifunza kwamba umeme wa majumbani mwetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde moja. Mwendo huo huamsha misuli na mishipa ya fahamu: misuli hukakamaa, na moyo huweza kupoteza mapigo yake. Lakini mwishoni mwa karne ya 19 Mfaransa mmoja, Arsène d'Arsonval, alionyesha kwamba umeme ukienda na kurudi kwa upesi mkubwa mno, misuli haiuitiki tena. Mashine nyingi za upasuaji za leo hutumia umeme unaokwenda na kurudi zaidi ya mara 300,000 kwa sekunde.

Nilisoma pia habari za watu wawili wa Boston, Marekani. Mmoja, Harvey Cushing, alikuwa mpasuaji mashuhuri wa ubongo. Wa pili, William Bovie, hakuwa daktari wa wagonjwa. Alikuwa mwanasayansi aliyesomea maisha ya mimea. Hawakuwa wa kwanza kutumia umeme kupasua, lakini Bovie alitengeneza mashine iliyoweza kukata na pia kugandisha damu. Mwaka 1926 Cushing alianza kuondoa uvimbe katika kichwa cha mgonjwa, akalazimika kuacha kwa sababu ya damu. Siku chache baadaye, tarehe 1 Oktoba, alirudia kazi ile akiwa na mashine ya Bovie, akauondoa. Mpasuaji peke yake alikuwa ameshindwa, na mtaalamu wa mimea peke yake asingethubutu.

Juma lilipokwisha, niliketi na mama jikoni. Nilimwambia, "Mama, mtoto akiitwa 'Njoo!' na kabla hajainua unyayo akaambiwa 'Rudi!', naye akaitwa tena na tena hivyo, atafika wapi?"

"Atasimama palepale," akajibu.

"Basi mishipa yako ya fahamu itafanya vivyo hivyo. Sasa sugua viganja vyako upesi." Akasugua. "Haviendi popote, lakini vinapata moto. Moto wa namna hiyo ndio ufanyao kazi."

Kisha nilimwonyesha jinsi moto mmoja unavyofanya kazi mbili. Tone la maji likidondoka juu ya kikaango chenye moto mkali, hupasuka na kuruka kuwa mvuke. Ndivyo umeme usiokatizwa unavyokata: maji yaliyomo ndani ya chembe za mwili huchemka ghafula, nazo zikapasuka. Ute wa yai nao ukipashwa moto polepole hukauka na kushikamana. Ndivyo umeme unaokuja kwa vipindi vifupi unavyogandisha damu. Kiko pia chombo kama koleo, chenye meno mawili. Hushika mshipa wa damu, huubana, huuziba kwa joto, kisha wembe mdogo ulio katikati hukata pale palipozibwa. Umeme wake hupita baina ya meno hayo mawili tu. Mpasuaji hana haja ya kuweka chombo kimoja na kutwaa kingine huku damu ikitoka.

Mama akauliza, "Je, hakikosei?"

Hapo nilijaribiwa kusema uongo wa huruma. Nikajizuia. Nilimwambia kwamba kazi ngumu kwa wanaobuni vyombo hivyo ni kuzuia kazi moja isiharibu nyingine. Joto likizidi huenea kando, na nyuma ya rovu hupita mishipa midogo ya fahamu inayoongoza sauti. Kwa hiyo koleo hufanywa jembamba, na mashine hupima jinsi nyama inavyozidi kuuzuia umeme kadiri inavyokauka, ikaukata umeme mara kazi inapokwisha. Hata hivyo mashine haimzidi mtu aishikaye. Chombo kile huweza kuunguza pasipotakiwa, na sauti ya mwimbaji huweza kupotea.

Mama alikaa kimya kitambo, mkono wake ukiwa juu ya leso. Kisha akasema, "Ungeniambia hakina hatari yoyote, ningekataa. Kamwambie daktari nitakuja."

Saa alizokaa katika chumba cha upasuaji zilikuwa ndefu kuliko zote nilizopata kuishi. Nilikuwa na maarifa yangu yote, na bado mikono ilitetemeka. Alipozinduka, nilingoja jambo moja: asikike. Akaniita kwa jina langu, kwa sauti iliyokwaruza kama mlango mkavu. Ukwaruzo huo ulidumu majuma kadhaa, nasi hatukuthubutu kuutaja. Jumapili moja ukawa umekwisha, naye akasimama tena mahali pake katika kwaya.

Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara, "Mwalimu, hesabu hizi za umeme zitatusaidia nini?" Zamani niliwajibu kwamba zitakuja katika mtihani. Jibu hilo nililiacha. Sasa kila mwaka, kabla sijachora waya wala betri ubaoni, huandika kwanza swali la mama juu kabisa, nikasogea kando, nikawangoja wajaribu kulijibu.