Mgeni Mpe Kamba



Sisi watu wa pwani tumelelewa katika kumtukuza mgeni. Huwekwa mahali pazuri, huandaliwa kilicho bora, na akinyanyua hata sahani twamnyang'anya. Huo ni uungwana, wala sitaki kuutia ila. Lakini wazee wetu hao hao walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana ya jembe hilo nimeifahamu vyema nchini Uholanzi, ambako mimi na mwenzangu tuna tishali la zamani la chuma, lenye urefu wa mita 18. Kila majira ya joto hutujia jamaa kutoka nyumbani, tukasafiri nao katika mifereji.

Katika chombo hicho mgeni hangoji siku ya tatu. Hupewa kamba siku ya kwanza, na sababu yake ni hii. Pale mji wa Gouda, mto Hollandsche IJssel hujaa na kupwa kama bahari yetu, lakini maji ya mfereji wa Gouwe hukaa kimo kimoja. Kati yao pana chumba kikubwa cha maji chenye milango pande mbili. Mto ukiwa umejaa, chombo huingia kikiwa juu, mlango hufungwa nyuma yake, maji hupunguzwa pole pole mpaka yalingane na ya mfereji, ndipo mlango wa mbele ukafunguliwa. Wakati huo kamba ya omo na kamba ya tezi huzungushwa kwenye vigingi vya ukutani. Ukiifunga fundo, maji yatashuka na chombo kitabaki kimening'inia, au kamba itakatika impige mtu. Ukiiachilia, chombo kitakwenda kombo kiwagonge wenzako. Basi haifungwi wala haiachwi; hushikwa, ikalegezwa kadiri maji yashukavyo. Nasi tu wawili, na mmoja wetu yuko kwenye usukani. Kamba ya pili ni ya mgeni.

Mwaka mmoja alitujia mjomba wangu, mzee aliyepita miaka 70, ambaye ujana wake aliumaliza katika majahazi ya Lamu. Nilipompa kamba ya omo, mjukuu wake aliona haya, akamwendea mbio: "Babu, lete mimi, wewe kaa." Mzee akamjibu: "Niache, mjukuu wangu. Tangu niteremke ndegeni nimekuwa mzigo, napakiwa na kupakuliwa. Leo nimekuwa mtu." Akailegeza kamba ile shubiri kwa shubiri, wala hakuitazama.

Tulipofika mfereji unaoizunguka Haarlemmermeer, mjomba alistaajabu kuona maji yako juu, na nyumba na ng'ombe wako chini yetu. Bonde lile lilikuwa ziwa, likakaushwa kwa pampu za mvuke kati ya mwaka 1849 na 1852, na leo uwanja wa ndege wa Schiphol umo humo. Kiasi cha robo ya nchi ile iko chini ya usawa wa bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 matuta ya kusini magharibi yalipasuka, wakafa watu 1,836.

Nchi kama hiyo hailindwi na watazamaji. Tangu karne ya 13 wenyeji wamekuwa na mabaraza ya maji, na mpaka leo huyapigia kura. Zamani kila mwenye shamba alikuwa na kipande chake cha tuta cha kutengeneza. Aliyeshindwa alichomeka koleo lake tutani akaondoka, na ardhi ikamtoka. Aliyeling'oa koleo lile alilichukua shamba pamoja na kazi yake.

Basi, ewe msomaji, tazama nyumbani kwako. Huenda yuko mama mzee aliyeletwa mjini kukaa kwa mwanawe. Anapendwa, analishwa, lakini akigusa ungo wa mchele huambiwa, "Mama, wewe pumzika." Hupumzika asubuhi, hupumzika mchana, mpaka akajiona hana analofaa. Mkwe asema amemheshimu, naye kweli amekusudia heshima. Hebu mrudishie ungo wake achambue, na watoto wakae karibu naye wamsikilize. Mgeni naye mkaribishe, mlishe, mlaze pema. Kisha umwonyeshe kamba yake iko wapi.