Chanjo za Mtoto Asiye na Bima



Kifungua mimba wetu alizaliwa huku bara, Keroka, mji uliokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira, katikati ya mwaka 2025, wakati ambapo mchango wetu wa bima ya SHA haujalipwa. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini sisi wachuuzi hudaiwa ya mwaka mzima, yaani 3,600, na fedha hizo zilikuwa zimekwisha kwenye kodi ya kibanda. Zahanati moja ya binafsi ilitutajia malipo ya kila ziara. Tukahesabu ziara, tukahesabu mauzo, tukanyamaza.

Jirani yetu, mama wa Kigusii aliyelea watoto sita, ndiye aliyetutoa wasiwasi. Chanjo zilizomo katika ratiba ya taifa hazilipiwi katika vituo vya serikali, uwe na bima usiwe nayo. Mpango huo una umri mkubwa kuliko sisi wazazi, kwani ulianza mwaka 1980. Atakiwaye ni mtoto, pamoja na kijitabu chake cha kliniki.

Hata hivyo, kitu cha bure nacho kina gharama zake. Msimu ule chanjo za kifua kikuu na polio zilikuwa zimeadimika nchini, na mwana wetu alitoka hospitali bila sindano ya mkono wa kushoto. Ilipopatikana tuliambiwa turudi siku nyingine. Tulikasirika, mpaka muuguzi alipotueleza: kichupa kimoja cha chanjo hiyo huwa na dozi 20, na kikishachanganywa hakifai tena baada ya muda wa saa 6. Akimfungulia mtoto mmoja, kumi na tisa zamwagwa. Kwa hivyo huwakusanya watoto siku moja. Chanjo ya surua nayo ina mtindo huohuo.

Wasioambiwa siku hiyo ndio wanaolipa: nauli ya bodaboda kwenda na kurudi juu ya vilima vyenye utelezi, na kibanda kimefungwa. Tangu hapo hatutoki kabla ya kumuuliza mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu, naye hutujibu kwa simu kama dawa ipo na ni siku gani.

Palikuwa na jambo la arubaini pia. Bibi yake, aliyekuja kutoka Mombasa kumkanda mzazi, hakutaka kusikia habari ya mama kutoka nje. Siku ya chanjo ilipofika alijitanda kanga, akamfunika mjukuu, akampeleka mwenyewe! Zile za wiki 6 hazikuleta mgogoro, kwani huangukia siku ya 42, arubaini imekwisha. Hapo mtoto hukingwa na dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini, nimonia na kuhara kwa virusi vya rota, kisha hurudi wiki ya 10 na ya 14.

Alhamdulillahi, kovu dogo limeonekana mkononi. Sasa tunangojea surua na rubela ya miezi 9, kisha ya miezi 18. Muuguzi ameandika Jumatano kijitabuni, na nauli ya siku hiyo tumeshaiweka kando.