Woga wa Ligi ya Kwanza

Woga wa mchezaji mpya hukaa magotini. Sisi wa Kabambare tuliujua tulipokwenda Kasongo kucheza ligi mara ya kwanza. Mzee wa timu akatuambia: «Vuteni pumzi polepole, mtoe polepole zaidi.» Mikono ikatulia, magoti yakakawia.

Kisha tukapewa penalti. Meta 11 tu, na goli lina upana wa meta 7.32, lakini machoni petu likawa kama mlango wa jiko. Mzee alikuwa ametufundisha: kipa amefungwa na sheria, mguu wake mmoja sharti ubaki mstarini mpaka mpira upigwe, mpigaji ndiye mwenye uhuru. Basi achague pembe kabla ya kuuweka mpira chini, asibadili shauri.

Mwenzetu akachagua kushoto. Kipa akarusha mikono, akarukaruka. Yeye akatazama mpira tu, akapiga. Tukatoka 1-1, tukarudi tukiimba.