Vijidudu Vinavyokula Petroli

Mimi nikisikia neno vijidudu, hufikiria maradhi. Lakini vipo vinavyotusaidia.

Mwaka 1996, mji wa Santa Monica, Marekani, ulifunga visima vilivyoupa karibu nusu ya maji yake. Matangi na mabomba ya petroli yalikuwa yamevuja ardhini. Petroli hiyo ilikuwa imetiwa dawa iitwayo MTBE. Dawa ikaingia visimani.

Wataalamu wamegundua vijidudu vya ardhini vinavyokula dawa hiyo. Vikipata hewa ya kutosha huimaliza. Hewa ikiwa haba, kazi huenda polepole sana. Huweza kuchukua miaka mingi.

Kwa hiyo mimi sivitegemei. Petroli ya pikipiki yangu naiweka mbali na kisima chetu. Nawe fanya hivyo.