Wazee Wakipita Bunia

Jamaa nyingi za Bunia zalijua jambo hili. Habari yafika kwamba baba, nyanya au mjomba yu safarini. Atapita kwenu, atalala, kisha ataendelea na njia yake. Mji wetu ni njia panda. Atokaye Mambasa na Komanda kwenda Mahagi au Aru hupita hapa. Apandaye kutoka Kasenyi, kwenye Ziwa Albert, hupita hapa. Mgonjwa wa kaskazini apelekwaye hospitali ya Nyankunde hupita hapa pia. Tena, tangu mwaka 2015 Ituri ilipofanywa mkoa na Bunia kuwa makao yake makuu, wenye haja ya karatasi za serikali wamezidi. Wengi wa wapitao hao ni wazee. Twawapokea kwa furaha. Lakini je, twajua kuwapumzisha? Sisi tulidhani kwamba twajua. Tutawasimulia wasomaji kosa letu, ili nyumba nyingine zisilirudie.

Kiangazi kilichopita baba yetu, mzee wa miaka 79, pamoja na dada yake mkubwa wa miaka 83, walifunga safari kutoka Mambasa kwenda Mahagi, kwenye arusi ya mjukuu. Njia hiyo yote yapita kilomita 300, nayo humchosha hata kijana, sembuse mzee. Tena katika njia zetu hakuna kusafiri usiku. Mwezi Mei 2021 serikali iliiweka Ituri, pamoja na Kivu ya Kaskazini, chini ya utawala wa kijeshi, na kila mwenye busara hutaka kuwa ndani ya nyumba kabla jua halijatua. Basi tukapatana kwamba walale kwetu Bunia usiku mbili, wapate siku nzima ya kupumzika katikati. Arusi ilikuwa Jumamosi. Wao wangefika Jumatatu na kuondoka Jumatano.

Hadi hapo tulifanya vema. Lakini mwalimu ni mwalimu. Tulishika kalamu, tukaiandikia siku ile ratiba kama ratiba ya darasa: saa mbili, kanisa kuu, saa tatu, shule tufundishapo, saa nne, soko, saa tano, barabara kuu ya mji, ile Boulevard de Libération, wakaone maduka mapya, saa saba, chakula kwa binamu mmoja, saa tisa, chai kwa binamu mwingine, saa kumi na moja, kuwatembelea wazee wenzao wa parokia. Mama wa watoto wetu alipoisoma karatasi ile aliuliza, “Na kupumzika ni saa ngapi?” Tulicheka. Tulidhani kwamba kumheshimu mgeni ni kumjazia siku.

Jumatatu saa tisa alasiri motokaa ikafika, nyekundu kwa vumbi. Wazee walishuka polepole, wakishikana mikono. Miguu ya shangazi ilikuwa imevimba, lakini alituambia kwamba si kitu. Kesho yake tukaanza ratiba. Kanisani walikaa kwa furaha. Ila baada ya robo saa tukawaamsha, kwa kuwa shule yatungoja. Shuleni walisimama jua likiwapiga huku watoto wakiwaimbia. Sokoni tulitembea kwa miguu katikati ya msongamano. Ilipofika karibu saa sita, kando ya barabara kuu, shangazi alinyamaza, akashika ukuta, magoti yakamlegea. Mwanamke mwenye duka, ambaye hatukujuana naye, alitoka mbio na kiti na maji. Ndipo tulipojua kwamba tangu asubuhi shangazi hakunywa hata tone moja. Aliogopa kutusumbua kwa kutafuta choo.

Tulipotaka kumchukua kwa pikipiki ili tuwahi chakula kwa binamu, alituzuia kwa mkono. “Mwanangu,” akasema, “mji huu hautakimbia. Tunaoondoka ni sisi.”

Tukarudi nyumbani. Shangazi akalala hata jioni. Baba alikaa peke yake kibarazani, kofia yake magotini. Tukaenda kuketi karibu naye, tukamwomba radhi, kisha tukamwuliza swali ambalo ilipasa tumwulize kabla ya kuandika neno lolote: “Baba, wewe mwenyewe ulitaka nini katika Bunia?”

Hakujibu upesi. Kisha akasema kwamba alitaka jambo moja tu, lakini alipoiona karatasi yetu imejaa hakupenda kutuharibia.

Wasomaji waliokwisha kuwa watu wazima siku zile waukumbuka mwezi wa Mei 2003. Vita vilipiganwa ndani ya mji wenyewe. Watu wengi waliuawa, maelfu wakakimbia, wengi wao kwa miguu kwa njia ya Komanda. Hata mwezi Juni majeshi ya Ulaya, yakiongozwa na Ufaransa, yalikuja kuulinda mji hadi Septemba. Sisi tungali wadogo tulikuwa tumekwisha kupelekwa kwa jamaa za mama, na baba hakupenda kutusimulia habari za siku zile. Jioni ile alitusimulia. Yeye na shangazi walifichwa siku tatu katika nyumba ya jirani, mjane wa kabila jingine, ambaye kama angeonekana angeuawa pamoja nao. Usiku wa nne aliwafungulia mlango wa nyuma, akawapa viazi vya njiani. Wakaenda kwa miguu mpaka Komanda, kilomita 75, na kutoka huko hadi Mambasa. Baba hakukanyaga Bunia tena. Lakini mfanya biashara mmoja alimwambia kwamba mama yule yu hai, katika nyumba ile ile. “Sikumwambia asante,” baba akasema. “Mlango ulifungwa upesi.”

Tuliona haya sana. Kwa miaka mingi tumefundisha katika mji huu, na nyumba ile haiko mbali na shule yetu. Nasi tulikuwa karibu kumpitisha baba kando yake, tukimwonyesha maduka.

Tukaichana ratiba. Tukapiga simu Mahagi, tukawaarifu kwamba wageni watafika Alhamisi. Jumatano saa tatu asubuhi, wazee wakiwa wamekwisha kunywa chai na dawa zao, tulikodi motokaa kwa nusu siku, tukaenda mahali pamoja tu. Yule mama alikuwa ameketi mkekani, akichagua maharagwe. Macho yake yameingia ukungu. Baba alibisha hodi, naye akamjua kwa sauti kabla hajamwona. “Nilidhani mlikufa njiani,” akasema. Ndipo shangazi akafungua mfuko wake, na chini kabisa, chini ya nguo zake zote, akatoa kitenge kipya kilichokunjwa vizuri. Alikinunua Mambasa. Wazee wetu nao walikuwa na ratiba yao, ila haikuandikwa.

Wakaketi pamoja mpaka saa sita. Hawakusema mengi. Alhamisi asubuhi waliondoka kwenda Mahagi, na miguu ya shangazi ilikuwa imepungua uvimbe.

Kutokana na hayo twapenda kuwapa wasomaji mashauri machache.

Kwanza, muulize mzee kabla hujampangia. Usimwulize mbele ya watu wengi, kwa maana atajibu “lolote mtakalo, wanangu.” Mwulize peke yake, kisha nyamaza ungoje. Na kama aweza, mwache siku moja ya akiba, isiyo na kazi yoyote. Siku hiyo ndiyo iliyotuokoa sisi.

Pili, safari yenyewe iangaliwe. Mwaka 2007 Shirika la Afya la Ulimwengu lilieleza kwamba msafiri akaaye saa nne au zaidi bila kujinyosha, hatari yake ya damu kuganda mishipani huongezeka yapata mara mbili. Basi dereva aombwe mapema kusimama mahali palipo salama, abiria washuke, wapige hatua chache. Mzee mwenye mguu mmoja uliovimba na kuuma, au anayekosa pumzi, apelekwe kwa mganga wa hospitali mara moja, asiambiwe kwamba ni uchovu tu.

Tatu, maji na choo. Mwili wa mzee hausikii kiu kama wa kijana, na aibu humzuia kuomba. Kwa hiyo usimwulize kama ana kiu, mpe kikombe. Na kila mfikapo mahali, mwonyesheni choo kabla hajauliza.

Nne, malalo. Bunia ipo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Wazee watokao msituni au ufukweni mwa ziwa huona baridi usiku, hata wakati wa kiangazi. Wekeni blanketi la pili, na taa karibu na kitanda. Chumba kisicho na ngazi, karibu na choo, chashinda chumba kizuri cha mbali.

Tano, siku moja, jambo moja. Fanyeni asubuhi lile lililo kubwa. Kutoka saa sita hata saa tisa mzee akae kivulini, alale akipenda. Popote mwendapo, tafuteni kwanza mahali pa kuketi. Pikipiki ni ya vijana. Kwa mzee afadhali kukodi motokaa kwa saa chache, na bei ipatanwe kabla ya kupanda. Wala msimshushe ziwani eti akaone maji siku ile ile: Kasenyi ipo chini kuliko Bunia kwa zaidi ya mita 600, joto lake ni kali, na mteremko huo lazima mtaupanda tena. Ndugu wanaotaka kumsalimu na waje wao kwake.

Sita, dawa na karatasi za mzee zikae katika mfuko aushikao mwenyewe, zisifungwe pamoja na mizigo juu ya motokaa. Chakula kiwe laini, chumvi iwe kidogo, na saa zake zisibadilishwe sana.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mzee apitaye hahitaji jembe, na kwake siku ya tatu si nyingi. Yawezekana ndiyo siku aliyoijia.

Nanyi wanafunzi, kazi yenu haiko mbali. Likizo ikifika, babu au nyanya akilala kwenu njiani, mletee kiti, mletee maji, ukae karibu naye bila haraka. Huenda akakuambia jambo ambalo hakuwaambia wazazi wako. Kisha, ukiwa mtu mzima na zamu yako ya kupokea wageni ikafika, muulize mzee kwanza, ndipo ushike kalamu.